Mgala Muue na Haki Yake Mpe: Maisha ya Ronald Fisher na Urithi Wake katika Takwimu za Tiba na Jeni

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliyewahi kutetea pendekezo la utafiti analijua swali hili: sampuli yako umeiteuaje? Akijibu kuwa ameiteua kwa nasibu, na kwamba atapima iwapo tofauti aliyoiona kati ya makundi yake ni tofauti ya kweli au ni sadfa tu, basi ajue asijue amekwisha kuingia katika kivuli cha mtu mmoja. Mtu huyo ni Ronald Aylmer Fisher, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1890 na kufariki mwaka wa 1962. Kivuli chake hakikuishia katika idara za isimu na fasihi. Daktari anayejaribu dawa mpya ya malaria, mtaalamu wa jenomiki anayetafuta chanzo cha ugonjwa katika mamilioni ya vijisehemu vya jeni, na mtunzi wa programu za tarakilishi zinazowatumikia wote hao, kila mmoja anafanya kazi kwa zana ambazo sehemu kubwa yake zilichongwa na Fisher.

Hata hivyo, kumwandikia Fisher wasifu ni kazi yenye mtego, hasa kwa Mwafrika. Mtu huyu aliyetufundisha kutoamini macho yetu mpaka tuyapime alikuwa na imani yake mwenyewe kuhusu mbari za binadamu, na imani hiyo hakuwahi kuiacha. Makala haya yananuia kuyasimulia maisha yake, kueleza kwa lugha nyepesi alichokigundua, kisha kuuliza ni kwa vipi urithi wa mtu wa namna hii unavyofaa kupokewa.

Kuzaliwa na Malezi

Fisher alizaliwa tarehe 17 Februari 1890 katika kitongoji cha East Finchley, jijini London. Alizaliwa pacha, lakini mwenzake alizaliwa maiti. Baba yake, George, alikuwa mshirika katika kampuni ya mnada wa kazi za sanaa, na kwa miaka kadhaa familia iliishi katika raha na ukwasi. Raha hiyo haikudumu. Mama yake, Katie, alifariki mwaka wa 1904 Ronald akiwa na umri wa miaka 14, na haukupita muda mrefu biashara ya baba ikaporomoka. Kijana aliyezoea jumba kubwa akajikuta anasoma kwa ufadhili wa masomo.

Jambo moja la utotoni lilimwachia alama ya kudumu. Macho yake yalikuwa dhaifu mno, hata akakatazwa kusoma kwa mwanga wa taa. Katika shule ya Harrow alifundishwa hisabati jioni bila karatasi wala kalamu, akisikiliza na kuyajenga maumbo akilini. Ndiyo maana baadaye aliweza kuona jibu la tatizo gumu kama mtu anavyoiona nyumba kwa mbali, huku akishindwa kuwaonyesha wenzake njia ya kuifikia. Wanahisabati wengi walilalamika kwamba maandishi yake yanaruka hatua. Yeye hakudhani kuwa ameruka chochote.

Mwaka wa 1909 alijiunga na Chuo cha Gonville and Caius katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alisoma hisabati na kuhitimu mwaka wa 1912. Huko pia alikutana na fikra mbili zilizomtawala hadi kufa kwake. Ya kwanza ni nadharia ya urithi ya Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere na kuhesabu maumbile ya vizazi vyake. Ya pili ni yujeniki, itikadi iliyodai kwamba kizazi cha binadamu kinaweza na kinapaswa kuboreshwa kwa kuamua nani azae na nani asizae. Mwaka wa 1911 Fisher alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha yujeniki cha chuo hicho. Mbegu ya sifa yake na mbegu ya aibu yake zilipandwa katika udongo mmoja, na karibu katika msimu mmoja.

Miaka ya Kutangatanga

Baada ya kuhitimu, Fisher hakupata kazi iliyolingana na kipaji chake. Alifanya kazi katika shamba moja nchini Kanada kwa muda mfupi, kisha akawa mtakwimu katika kampuni ya uwekezaji jijini London. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alijitolea kujiunga na jeshi, akakataliwa kwa sababu ya macho yake. Kati ya mwaka wa 1915 na 1919 alifundisha shule, kazi ambayo hakuipenda na ambayo wanafunzi wake hawakumpendea. Mwaka wa 1917 alimwoa Ruth Eileen Guinness, binti wa miaka 17, wakaanza maisha ya ukulima mdogo wa kujilisha wenyewe. Walijaliwa watoto wengi, japo ndoa yenyewe ilikuja kuvunjika baadaye, na mwana wao wa kwanza, George, aliyekuwa rubani, aliuawa katika Vita Vikuu vya Pili.

Katikati ya dhiki hiyo, Fisher aliandika makala ambayo wanajenetikia hawajaacha kuyarejelea. Yalichapishwa mwaka wa 1918 na Royal Society ya Edinburgh. Enzi hizo wanazuoni walikuwa wamegawanyika. Kambi moja ilishikilia kuwa urithi huenda kwa vipande vilivyo wazi, kama Mendel alivyoonyesha: njegere ni ya kijani au ya manjano, basi. Kambi ya pili ilitazama kimo cha watu na kuona kwamba hakuna watu wa aina mbili, warefu na wafupi. Kuna mteremko usiokatika kutoka mfupi kabisa hadi mrefu kabisa. Fisher alithibitisha kihisabati kwamba kambi zote mbili zilikuwa sahihi. Ikiwa kimo kinaathiriwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo tu, basi jumla ya michango hiyo midogo itazaa mteremko ule ule. Katika makala hayo pia ndimo alimotumia kipimo cha mtawanyiko kama tunavyokijua leo, yaani kiasi ambacho data hutapakaa pande zote za wastani.

Dai hilo lilisubiri zaidi ya miaka mia moja kupata ushahidi wa kina. Mwaka wa 2022, watafiti waliochambua jeni za watu wapatao milioni 5.4 walichapisha orodha ya vijisehemu 12,111 vya jenomu vinavyohusiana na kimo cha binadamu. Vingi mno, kila kimoja na mchango mdogo. Fisher alikuwa ameyasema hayo pasipo tarakilishi na pasipo kuiona jeni hata moja.

Rothamsted: Shamba Lililogeuka Darasa

Mwaka wa 1919 Fisher alipewa nafasi mbili. Ya kwanza ilikuwa katika maabara ya Karl Pearson, mwanatakwimu mashuhuri kuliko wote wa wakati huo. Ya pili ilikuwa kazi ya mkataba mfupi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kaskazini mwa London. Aliichagua ya pili. Hakutaka kufanya kazi chini ya Pearson, na ugomvi wao ulidumu hadi Pearson alipofariki.

Rothamsted kilikuwa kimeanzishwa mwaka wa 1843. Kwa muda wa takriban miaka 80 watu walikuwa wamepanda ngano katika ngwe zile zile, wakitia mbolea hii hapa na mbolea ile pale, na kuandika mavuno ya kila mwaka. Daftari zilijaa, lakini hakuna aliyejua zinasema nini. Fisher aliajiriwa azisome. Alikuwa na mashine ya kukokotoa iliyoitwa Millionaire, chombo cha chuma chenye mkono wa kuzungusha, na kwa chombo hicho alizichambua namba za vizazi vitatu.

Alichokigundua kilimsumbua. Tatizo halikuwa uchache wa data, bali ni kwamba majaribio yenyewe hayakupangwa kwa namna ya kuweza kujibu maswali yaliyoulizwa. Tuchukue mfano. Mkulima anatia mbolea katika ngwe ya bondeni na kuiacha ngwe ya mlimani bila mbolea. Mavuno ya bondeni yakizidi, je, ni mbolea au ni unyevu wa bonde? Hakuna hesabu yoyote duniani inayoweza kulijibu swali hilo baada ya mavuno. Ukichelewa kuuliza, umekwisha kupoteza msimu.

Dawa aliyoipendekeza Fisher ilikuwa na viungo vitatu. Kwanza, jaribio lirudiwe katika ngwe nyingi, ili mtafiti ajue mavuno hutofautiana kiasi gani hata pale mbolea inapokuwa moja. Pili, ngwe zinazofanana ziwekwe pamoja katika vitalu, ili bonde lilinganishwe na bonde na mlima ulinganishwe na mlima. Tatu, na hili ndilo lililowashangaza wengi, ngwe gani ipate mbolea gani isiamuliwe na mtu yeyote. Iamuliwe na nasibu, kama vile kwa kutupa dadu au kuchanganya karata. Wakosoaji walidhani huku ni kuacha akili na kukumbatia kamari. Fisher aliwajibu kwamba mtu akichagua, hata kwa nia njema, huchagua kwa sababu fulani, na sababu hiyo hujipenyeza katika matokeo. Nasibu haina rafiki wala adui. Tena nasibu ina kanuni zinazojulikana, kwa hiyo hutuwezesha kukokotoa uwezekano wa sadfa kutudanganya.

Fikra hizo alizieneza katika vitabu viwili. Kimoja kilitolewa mwaka wa 1925 kikiwalenga watafiti wasio wanahisabati, na kingine mwaka wa 1935 kuhusu mpango wa majaribio. Katika hicho cha pili mna kisa ambacho husimuliwa kila mahali takwimu zinapofundishwa. Huko Rothamsted, mtafiti mmoja wa kike, Muriel Bristol, alisema kwamba akionja chai anaweza kutambua iwapo maziwa yalitangulia kutiwa kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Sisi tunaochemsha chai na maziwa katika sufuria moja huenda tukauona ubishi huo kuwa wa watu wasio na kazi. Fisher aliuona kuwa somo. Alieleza jaribio la vikombe vinane, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, vikipangwa kwa nasibu. Vikombe vinne vyaweza kuteuliwa kati ya vinane kwa njia 70, na njia moja tu ndiyo iliyo sahihi kabisa. Kwa hivyo mtu anayebahatisha ana uwezekano wa 1 kwa 70 wa kupatia vyote. Akipatia, itatuwia vigumu kuendelea kusema kwamba anabahatisha.

Kutokana na mantiki hiyo ndipo ulipoenea ule mpaka wa 0.05, yaani mara moja kwa ishirini. Fisher aliupendekeza kama kipimo cha kufaa kwa kazi za kila siku, si kama amri. Alisisitiza kuwa jambo huthibitika pale ambapo jaribio lililopangwa vyema, likirudiwa, hukosa kwa nadra kutoa matokeo yale yale. Waliomfuata walilisahau sharti hilo na kuugeuza mpaka kuwa ibada. Mnamo 2016 chama cha wanatakwimu cha Marekani kililazimika kutoa taarifa rasmi ya kuwaonya watafiti dhidi ya kuutegemea mpaka huo peke yake.

Kutoka Shambani hadi Hospitalini

Fisher hakuwa tabibu, lakini nasibu yake ilivuka ua wa shamba ikaingia hospitalini. Aliyeipokea mlangoni ni Austin Bradford Hill, mwanatakwimu Mwingereza ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, dawa mpya ya streptomycin ilikuwa imegunduliwa Marekani, na Uingereza ilikuwa na kiasi kidogo tu. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa namba za nasibu: 55 wakapata dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 wakapata mapumziko peke yake, ambayo ndiyo yaliyokuwa tiba ya kawaida. Baada ya miezi sita, wagonjwa 4 wa kundi la kwanza walikuwa wamefariki, na 14 wa kundi la pili. Ripoti ilichapishwa mwaka wa 1948 na kuwa kielelezo cha majaribio ya tiba yaliyofuata. Ni haki kusema kwamba Hill hakuwa akimwiga Fisher tu. Hoja yake kuu ilikuwa kumficha daktari mgao, ili asije akawapeleka wagonjwa wenye nafuu upande wa dawa anayoipenda. Hata hivyo, msingi ni ule ule: uamuzi uondolewe mikononi mwa mwenye matumaini.

Afrika Mashariki haikukaa pembeni katika historia hii. Katika miaka ya 1970, wagonjwa wa kifua kikuu wa Kenya, Uganda na Tanzania walishiriki katika majaribio yaliyoonyesha kwamba tiba ya miezi sita yenye rifampicin yaweza kufanya kazi iliyokuwa ikichukua miezi 18. Wagonjwa wa ulimwengu mzima wamefaidika na subira ya wagonjwa hao wa kwetu.

Mfano wa kugusa moyo zaidi ni wa mwaka wa 2011. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa mtoto aliyeletwa hospitalini akiwa na homa kali na dalili za kuishiwa na mzunguko wa damu apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Jambo hilo lilionekana kuwa la busara, na hapana aliyekuwa na nia mbaya. Watafiti, kikiwemo kituo cha Kilifi, waliwagawanya kwa nasibu watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania: wengine wakapewa maji kwa haraka, ya namna mbili tofauti, wengine hawakupewa. Katika saa 48 za mwanzo, takriban asilimia 10.6 na 10.5 ya watoto waliopewa walifariki, ilhali kwa wale wasiopewa ilikuwa asilimia 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Tiba iliyoaminiwa ilikuwa ikiua. Kama pasingekuwa na mgao wa nasibu, daktari angemwona mtoto mmoja akipona baada ya kutiwa maji na kuhitimisha kuwa maji ndiyo yaliyomwokoa. Hapa ndipo tunapotambua kwamba hesabu za ngwe za ngano zilikuwa pia hesabu za roho za watu.

Jeni, Damu na Tarakilishi

Wakati sifa zake za takwimu zikienea, Fisher mwenyewe alijiona kuwa mwanajenetikia. Mwaka wa 1930 alichapisha kitabu kilichoziunganisha nadharia ya Darwin na ile ya Mendel. Mwaka wa 1933 aliteuliwa kuwa profesa katika University College London, na kati ya 1943 na 1957 alikuwa profesa wa jenetikia Cambridge. Mwaka wa 1952 alitunukiwa cheo cha Sir.

Utafiti wake mmoja unatuhusu kwa karibu. Mwaka wa 1922 alionyesha kwamba ikiwa kiumbe aliyerithi nakala mbili tofauti za jeni hufaulu kuliko aliyerithi nakala mbili zinazofanana, basi nakala zote mbili zitadumu katika jamii, hata kama mojawapo ni ya maradhi. Wakati huo hiyo ilikuwa hesabu tupu. Mwaka wa 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa nchini Kenya, alitoa ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu selimundu imeenea pwani na kandokando ya ziwa, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Fisher pia alivutiwa mno na makundi ya damu ya binadamu. Uwanja huo ungali hai: mwaka wa 2020 watafiti waliofanya kazi na damu ya watoto wa Kilifi walieleza jinsi kundi la damu liitwalo Dantu linavyokaza utando wa chembe nyekundu, hata kimelea cha malaria kikashindwa kupenya.

Mwaka wa 1936 aliichunguza kazi ya Mendel, shujaa wake wa ujanani, akagundua kwamba takwimu za njegere zilikaribia mno zile zilizotarajiwa. Maumbile huwa na fujo, na data isiyo na fujo hutia shaka. Alidhani huenda msaidizi fulani alikuwa akimpa Mendel alichokitaka. Ni onyo ambalo kila mtafiti, hata wa hojaji na mahojiano, hana budi kulizingatia.

Kuhusu tarakilishi, Fisher alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa. Tarakilishi ya EDSAC ilianza kufanya kazi Cambridge mwaka wa 1949. Mwaka uliofuata, Fisher alichapisha makala kuhusu namna jeni inavyosambaa katika eneo, yenye jedwali lililokokotolewa na mashine hiyo. Kwa kawaida matumizi hayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya tarakilishi katika biolojia. Tunaweza basi kusema kwamba mtu aliyeanza kwa kuzungusha mkono wa chuma aliishi mpaka akaiona alfajiri ya jenomiki.

Doa Katika Kanzu

Sasa tuufikie upande ambao wasifu nyingi za zamani ziliupita kwa haraka. Takriban theluthi ya kitabu chake cha mwaka wa 1930 inahusu binadamu, na hoja yake ni kwamba ustaarabu huporomoka kwa sababu watu wa tabaka la juu huzaa wachache. Katika miaka ya 1930 aliunga mkono juhudi za kuhalalisha kuwafunga kizazi, kwa hiari yao, watu walioitwa wenye upungufu wa akili. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, ulimwengu ukiwa umekwisha kushuhudia yaliyotendwa Ujerumani kwa jina la yujeniki, aliandika barua ya kumtetea Otmar von Verschuer, mwanasayansi aliyekuwa mlezi wa kitaaluma wa Josef Mengele. UNESCO ilipotayarisha tamko lake kuhusu mbari, Fisher alikuwa miongoni mwa waliolipinga. Maoni yake, yaliyochapishwa mwaka wa 1952, yalishikilia kwamba makundi ya binadamu yanatofautiana pakubwa katika uwezo wao wa kuzaliwa nao wa akili na hisia.

Wapo wanaomtetea kwa kutaja wakati wake na marafiki zake. Ni kweli kwamba alishirikiana kwa miaka mingi na Mahalanobis, mwasisi wa taasisi ya takwimu ya India, akaizuru nchi hiyo mara kadhaa, na kwamba mmoja wa wanafunzi wake wakuu alikuwa C. R. Rao, Mhindi aliyekuja kuwa nguli wa takwimu. Lakini utetezi wa wakati hautoshi. Tamko la UNESCO ni la wakati ule ule, na wanasayansi wengi wa wakati ule waliliunga mkono. Zaidi ya hayo, Fisher anahukumiwa kwa kipimo chake mwenyewe. Ni yeye aliyefundisha kwamba tofauti kati ya makundi mawili haina maana mpaka mazingira yasawazishwe. Ngwe ya bondeni na ngwe ya mlimani hazilinganishwi. Je, ni nani aliyewahi kumgawa binadamu kwa nasibu kati ya utajiri na ufukara, kati ya utawala na kutawaliwa? Kuhusu ngano alikuwa mwangalifu; kuhusu watu akayaacha mafundisho yake mlangoni.

Kosa la namna hiyo lilijitokeza tena uzeeni, safari hii kwa upande wa pili. Utafiti wa Hill na mwenzake Richard Doll, tangu mwaka wa 1950, ulionyesha uhusiano mkubwa kati ya sigara na saratani ya mapafu. Fisher, mvutaji kiko wa miaka mingi na aliyekuwa mshauri wa watengenezaji wa tumbaku, aliupinga. Alisema uhusiano si usababishi, na kwamba huenda kuna jeni moja inayomfanya mtu apende sigara na pia apate saratani. Kimantiki hoja yake ilikuwa halali, kwani hakuna awezaye kuwagawa watu kwa nasibu na kuwaamuru nusu yao wavute. Lakini ushahidi uliongezeka kutoka kila upande, naye hakutikisika. Kumbe aliyedai mazingira yasihesabiwe katika suala la mbari ndiye aliyedai shaka yote ihesabiwe katika suala la tumbaku.

Alipostaafu alihamia Adelaide nchini Australia, ambako aliendelea na utafiti. Alifariki huko tarehe 29 Julai 1962, baada ya kufanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo.

Fisher Katika Tarakilishi Zetu

Miaka michache baada ya kifo chake, mwaka wa 1968, kazi ya kuitunga programu ya takwimu iitwayo GenStat ilianza Rothamsted. Katika miaka ya 1990 Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland walianzisha programu ya R, ambayo hutolewa bure na ambayo leo hutumiwa katika majaribio ya tiba na jenomiki kote ulimwenguni. Mwanafunzi wa Maseno au Eldoret aweza kuipakua bila kulipa hata senti. Ndani yake atamkuta Fisher: jaribio la vikombe vya chai limekuwa amri yenye jina lake, na uchanganuzi wa mtawanyiko ni amri nyingine. Atakutana pia na data ya maua 150 ya spishi tatu za iris, aliyoichambua Fisher mwaka wa 1936, ambayo imefunza vizazi vya wanafunzi. Data hiyo ilichapishwa katika jarida la yujeniki, na kwa sababu hiyo baadhi ya walimu wameiacha na kutumia data ya pengwini iliyoandaliwa kwa programu hiyo mwaka wa 2020.

Wepesi wa programu una hatari yake. Mtaalamu wa jenomiki anayepima vijisehemu milioni moja kwa mpaka wa 0.05 atapata sadfa zipatazo 50,000 zinazojifanya ugunduzi. Ndiyo maana wenye taaluma hiyo wamekubaliana kuutumia mpaka wa 0.00000005. Tarakilishi haitamwambia mtafiti jambo hilo asipouliza. Itamchapia jibu na kunyamaza.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna dhima hapa. Mzazi wa Kilifi anayeombwa ridhaa ya mtoto wake kuingia katika utafiti anaelezwa mgao wa nasibu kwa lugha gani? Tukisema mtoto atapewa tiba kwa kubahatisha, tumemtisha. Tukisema bahati nasibu, amekwisha kuona tikiti na zawadi. Vivyo hivyo, matokeo yaliyovuka ule mpaka huelezwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo wengi hulitafsiri kuwa ni umuhimu, ilhali matokeo yaweza kuuvuka mpaka na yasiwe na umuhimu wowote kwa mgonjwa. Istilahi mbovu hapa haiishii kwenye alama za mtihani. Inamfanya mtu akubali asichokielewa, au akatae kinachomfaa.

Hitimisho

Mwaka wa 2020 chuo chake cha Cambridge kiliondoa dirisha la vioo vya rangi lililokuwa limewekwa kwa heshima yake, na vyama vya wanatakwimu vya Amerika Kaskazini vikaliondoa jina lake kwenye mhadhara wao wa kila mwaka. Hakuna aliyependekeza kuliondoa jaribio la nasibu. Kuondoa dirisha ni kuondoa taadhima, na taadhima ni hiari ya mtoaji. Nasibu ni ya wote, wakiwemo watoto 3,141 wa Afrika Mashariki ambao Fisher hakuwafikiria alipokuwa akipanga ngwe zake.

Wahenga wetu walisema Mgala muue na haki yake mpe. Methali hii nayo ina doa lake, maana ilizaliwa katika uhasama wa watu wa pwani na majirani zao, na Mgala anayetajwa humo ni mtu wa kuuawa. Hata hivyo tunaitumia kwa sababu ndani ya uhasama huo mna agizo la haki lililoupita uhasama wenyewe. Kazi ya Fisher inastahili kusomwa vivyo hivyo: kanuni zake zitumike kikamilifu, na madai yake kuhusu sisi yapimwe kwa kanuni hizo. Yakipimwa, yanaanguka.